Mwisho wa Reli Kigoma: Ulijengewa Biashara, Ukatumikia Vita

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarehe 1 Februari, 1914, mgeni alifika Kigoma, naye alikuwa mgeni wa chuma. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilikuwa imemaliza safari yake ya kilometa zipatazo 1,250 na kuugusa ufuko wa Ziwa Tanganyika. Je, mwenyeji alipona? Hilo ndilo swali tulilokusudia kulitazama leo, kwa maana miezi sita tu baada ya siku hiyo vita vikazuka Ulaya, na stesheni iliyotazamiwa kupakia chumvi, ngozi na pembe ikageuka kuwa bandari ya manowari.

Kila msafiri ateremkaye Kigoma hulikuta jengo kubwa la stesheni lililojengwa zama za Wajerumani, limesimama mbele ya maji. Wengi hupita chini yake wakiwa na mizigo kichwani, wakiwatafuta ndugu zao, wala hawana wasaa wa kuuliza lilijengwa kwa ajili ya nani. Hatuwalaumu. Mwenye safari hana budi kuangalia safari yake. Lakini gazeti lina wajibu wa kuuliza kwa niaba ya wasomaji wake, kwani mawe hayasemi yenyewe, na mtu asiyejua mali ilivyopatikana hajui pia namna ya kuitunza.

UJIJI YAACHWA KANDO

Kabla ya Kigoma kulikuwa na Ujiji. Hapana haja ya kueleza sana, kwani jina la mji huo lilijulikana Unguja na Bagamoyo muda mrefu kabla mtu yeyote hajawaza habari ya gari la moshi. Hapo ndipo misafara ya Waarabu na Waswahili, na ya Wanyamwezi waliokuwa mabingwa wa njia ile, ilipofika mwisho na kutua mizigo yake. Hapo ndipo Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Hapo ndipo pia, na tuseme kweli bila ya haya, watumwa waliotolewa ng'ambo ya ziwa walipopangwa kwa safari ya kwenda pwani.

Kwa nini basi reli haikwenda Ujiji? Jibu limo katika maji yenyewe. Katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa hata likavunja kizuizi cha mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, nalo likaanza kumwagika kuelekea magharibi. Kwa miaka kadhaa maji yakashuka kwa mita nyingi, na ufuko wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukabaki mbali na maji. Hata leo mahali panapokumbukwa kwamba Livingstone na Stanley walikutana pako nchi kavu, mwendo wa kutosha kutoka ziwani. Kigoma, iliyo kilometa chache kaskazini, ina ghuba yenye kina na vilima vya kuikinga upepo. Mhandisi wa Kijerumani alitazama kina cha maji. Hakutazama misikiti, wala masoko, wala makaburi ya watu. Reli ikafika Kigoma, na Ujiji, iliyokuwa mwisho wa njia kwa miaka mingi, ikawa jirani wa mwisho wa njia.

Hili ni funzo la kwanza. Reli huinua mji na hushusha mji, na anayeamua ipite wapi anaamua pia watoto wa nani watapata kazi.

MIEZI SITA TU

Serikali ya Wajerumani ilikuwa imepanga sherehe kubwa na maonyesho mjini Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914 ili kuishangilia reli hiyo. Sherehe haikufanyika. Mwezi uleule vita vikaanza, na reli ikapewa kazi nyingine.

Mambo yalikwenda upesi. Mjini Dar es Salaam Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya upimaji, iitwayo Möwe, isije ikatekwa, na mabaharia wake wakapandishwa gari la moshi kuelekea Kigoma chini ya mkuu wao, Gustav Zimmer. Mabaharia wa bahari ya chumvi wakawa mabaharia wa maji baridi, kilometa zaidi ya elfu moja kutoka pwani! Ziwani walikuta meli ndogo iitwayo Hedwig von Wissmann, ambayo tarehe 22 Agosti, 1914 iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kuitia hasara kubwa. Meli nyingine ndogo, Kingani, ikabebwa kwa reli kutoka pwani ikaongezwa. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa lote, lenye urefu wa kilometa zipatazo 670.

Lakini kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa katika mwisho ule wa reli ilikuwa ni kuunda meli kubwa iitwayo Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa kwanza mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli mpaka Kigoma. Wajerumani waliosimamia kuiunganisha upya walikuwa watatu tu, wakiongozwa na fundi Anton Rüter. Waliobaki walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, waliozifunga bamba kwa bamba kwa ribiti, juani, pembeni mwa ziwa. Tarehe 5 Februari, 1915 ikashushwa majini, na mwezi wa Juni mwaka huo ikaanza kazi. Ilitungwa iwe meli ya abiria na mizigo. Ikaanza maisha yake ikibeba askari na mzinga.

Na mzinga huo nao ulikuja kwa reli. Mwezi wa Julai 1915 manowari Königsberg ilimalizwa na Waingereza katika mto Rufiji, lakini mizinga yake iliokolewa, na mmoja ukapelekwa Kigoma ukafungwa juu ya Götzen. Tazameni basi jinsi reli ilivyounganisha mito na bahari na ziwa katika kazi ya kuua! Kitu kilichozama Rufiji kilifufuka Tanganyika.

NG'AMBO YA ZIWA

Wala si upande wetu tu uliofanya hivyo. Ng'ambo, Wabelgiji nao walikuwa wameifikisha reli yao ya kutoka Kabalo mpaka karibu na mdomo wa mto Lukuga mwaka 1915, mahali palipoitwa baadaye Albertville na leo huitwa Kalemie. Huko nako mwisho wa reli uligeuka kambi ya vita.

Waingereza walileta mashua mbili za injini, zilizopewa majina ya Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka Uingereza zilikwenda Cape Town kwa meli, kutoka Cape Town mpaka Fungurume katika Katanga kwa gari la moshi, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya watu kupita milima ya Mitumba. Zikaingia tena katika reli, zikateremka mto Lualaba, na mwishowe zikaletwa kwa reli kutoka Kabalo hadi karibu na ziwa. Hapo zikafichwa kando ya reli, mpaka bandari ndogo ilipojengwa na kuwekwa njia ya kuzishushia majini. Zilipoingia ziwani mwezi wa Desemba 1915 hazikukawia. Tarehe 26 mwezi huo ziliiteka Kingani, ikapewa jina la Fifi; na tarehe 9 Februari, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Wasomaji wengi wamesikia hadithi hiyo ikisimuliwa kama mchezo, na kweli ina vichekesho vyake. Lakini sisi twauliza: ni nani aliyekata miti milimani ili mashua zipite? Ni nani aliyezijengea madaraja? Ni nani aliyechota maji ya kunyweshea mashine za mvuke katika nchi kame? Majina ya mashua mbili yanajulikana duniani. Majina ya waliozivuta hayajulikani hata katika vijiji walikozaliwa.

Mwisho wa kambi ya Kigoma ulifika upesi kama ulivyoanza. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zile zinazotua juu ya maji, zilivuka ziwa zikaishambulia Kigoma kwa mabomu. Watu walioliona gari la moshi kwa mara ya kwanza miaka miwili iliyopita sasa waliuona moto ukitoka angani. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia kwa nchi kavu, Wajerumani waliazimia kuondoka. Tarehe 26 Julai, 1916 mafundi walewale waliokuwa wameiunda Götzen waliizamisha, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi nzito, kana kwamba walijua kuwa kuna siku itahitajiwa tena. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma, na mwezi wa Septemba wakaichukua Tabora. Kambi ya manowari iliyojengwa mwisho wa reli ilikuwa imedumu kwa muda usiotimia miaka miwili.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, pande zote, ni zaidi ya laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi; walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu. Maana reli ilipokoma, bega la mtu lilianza. Mjini Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari amesimama na bunduki yake. Mpagazi ametajwa kwa maneno tu yaliyoandikwa chini. Ndivyo dunia ilivyo: mwenye silaha hupewa mwili wa shaba, mwenye mzigo hupewa mstari mmoja.

FARANGA MOJA KWA MWAKA

Vita vilipokwisha, wakubwa wakakaa mezani kugawana. Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na Waingereza waliitaka pamoja na reli yake yote. Mwaka 1921 wakapatana. Wabelgiji waliiachia Kigoma, lakini kwa mapatano ya tarehe 15 Machi, 1921 wakapewa eneo lao wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam na eneo jingine Kigoma, mahali pa kupitishia bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi bila ya kutozwa ushuru. Kodi ya ardhi hiyo ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele.

Faranga moja! Mwananchi wa Tanganyika wakati ule alilipa kodi ya kibanda chake kila mwaka, na akishindwa alikamatwa. Bandari ya nchi yake ilipangishwa kwa bei ya sanduku la viberiti. Wala hakuulizwa, kwa sababu waliokaa mezani hawakuwa wenye nchi bali walezi waliojiteua.

Ilipokaribia na ilipofika Desemba 1961, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyomkabili Mwalimu Julius Nyerere na serikali yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba: mpangaji hawezi kumpangisha mtu mwingine kwa muda unaozidi ule aliopewa yeye mwenyewe. Uingereza ilipewa Tanganyika kuiangalia kwa muda. Ilipata wapi basi haki ya kutoa sehemu ya ardhi yake milele? Hoja hiyo, pamoja na msimamo wake kwamba nchi changa haifungwi na kila mkataba uliotiwa saini na mtawala wake wa zamani, ilizungumzwa na wanasheria duniani kote, na mataifa mengine mapya yakaifuata.

Lakini angalieni hekima iliyomo. Tanganyika haikusema kwamba bidhaa za Kongo na Burundi zisipite. Jirani ni jirani, na ziwa halina ukuta. Ilichokataa ni kupitisha bidhaa hizo kwa hati ambayo mwenye nyumba hakuitia saini. Mpaka leo mizigo ya Burundi na ya Kongo inapita Kigoma, lakini inapita kwa makubaliano ya nchi huru na nchi huru. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ukarimu na kunyang'anywa.

MELI YAFUFUKA

Na Götzen je? Wabelgiji waliiinua kutoka majini, lakini mwaka 1920 ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara ya pili, wakakuta kwamba ile grisi ya mafundi wa Kijerumani ilikuwa imezilinda mashine. Mwezi wa Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ambalo Livingstone alilisikia likitumika kuliita ziwa lile.

Toka hapo meli hiyo haikupiga mzinga tena. Imebeba dagaa na mahindi, walimu na wanafunzi, maharusi na maiti, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu katika Zambia, ikisimama katika vijiji visivyo na gati ambapo mitumbwi huifuata katikati ya maji usiku wa manane. Mwaka 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, kwenye kipande kidogo cha ufuko kilichobanwa na milima, na kipindupindu kikazuka kati yao, ni Liemba iliyokwenda na kurudi ikiwachukua mamia kwa mamia mpaka Kigoma. Chombo kilichozaliwa katika vita kikawatoa watu katika mauti. Kama kuna toba ya chuma, basi hiyo ndiyo.

Kisha uzee ukaizidi, ikasimama kazi. Mwezi wa Novemba 1923 ingekuwa ajabu kuambiwa kwamba meli iliyolala chini ya maji ingekuwa na maisha marefu hivyo. Mwezi wa Novemba 2023, miaka mia moja baadaye, ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati. Twasema kwamba kazi hiyo isiachwe njiani. Watu wa vijiji vya ufukoni hawaihitaji Liemba kama kumbukumbu. Wanaihitaji kama barabara.

RELI MBILI, MIISHO MIWILI

Wako watakaosema: ya kale yamepita, chuma kikuukuu kiuzwe, jengo kuukuu livunjwe. Kwao twaleta mfano wa reli mbili za nchi yetu.

Ya kwanza ni reli ya Kusini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ikifika Nachingwea. Karanga hazikuota kama zilivyotazamiwa, mpango ukaachwa mwaka 1951, na mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Miaka michache tu baadaye Nachingwea ikawa kambi kubwa ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Kila gunia la unga na kila sanduku la dawa likapelekwa kwa lori, katika barabara za vumbi na matope, mahali ambapo reli ilikuwapo jana yake. Kigoma mwaka 1916 ilibaki na reli bila ya kambi. Nachingwea ikapata kambi bila ya reli.

Ya pili ni reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli hii haikung'olewa. Ikaendelea kuwachukua wakulima na mazao yao, na Mpanda ukakua mpaka ukawa makao makuu ya mkoa wa Katavi. Aliyeijenga hakuwafikiria wakulima hao hata siku moja. Lakini waliitumia, nayo ikawa yao.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo. Reli haina dini wala kabila wala jeshi. Humtumikia anayeishika. Mgeni aliyekuja Kigoma mwaka 1914 hakumponya mwenyeji. Alimletea mabomu, kazi ya shuruti na mkataba wa faranga moja. Mwenyeji alianza kupona siku alipokuwa mwenye nyumba.

TUFANYE NINI?

Sasa mgeni mwingine yu njiani. Mwezi wa Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilometa 506. Upande wa mashariki treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Hii ni furaha kwa watu wa magharibi, nasi twaifurahia pamoja nao. Lakini katika furaha hiyo tuna maneno matatu.

Kwanza, stesheni kongwe ya Kigoma isiachwe ikaoza. Jengo likiwa tupu huanza kuvuja, likivuja huanza kubomoka, na likibomoka atatokea mtu wa kusema kwamba halikuwa na faida. Lipewe kazi. Ujiji kuna mahali pa kumkumbuka Livingstone. Hatuoni ubaya wake. Basi katika stesheni ya Kigoma pawe mahali pa kuwakumbuka waliotandika mataruma, walioziunganisha bamba za Götzen, na wapagazi waliokwenda na majeshi na wasirudi.

Pili, walimu wa Kigoma, Ujiji, Uvinza na Kasulu wawatume wanafunzi wao kwa wazee. Walioiona vita ile wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wangali wanasimulia walichosikia kwa babu zao. Daftari moja la mwanafunzi laweza kuokoa jina ambalo vitabu vyote vya Ulaya havina.

Tatu, reli mpya ikijengwa, wanaopanga wasitazame kina cha maji peke yake kama mhandisi wa mwaka 1914. Waitazame Ujiji pia. Wawatazame wavuvi wa Katonga, wachuuzi wa Mwanga, na wachimba chumvi wa Uvinza. Mwisho wa njia usiwe tena mahali ambapo wengine hushuka na mali, na wenyeji husimama pembeni wakitazama mizigo ikipita.

Mizinga imekwisha ondoka Kigoma, na maji yamefunika mengi. Reli ingalipo. Ni juu yetu sisi kuamua mgeni wa safari hii atawakuta wenyeji wamekaa wapi: kizingitini, au ndani ya nyumba yao.